Jinsi homoni ya shingoni inavyojenga kumbukumbu ya mtoto kabla ya kuzaliwa

WAHENGA waliposema udongo uwahi ungali maji, walikuwa wakiwazungumzia wazazi na malezi. Sayansi ya ubongo imeupa usemi huo maana nyingine. Ubongo wa mtoto hufinyangwa angali tumboni, na miongoni mwa wafinyanzi wake wakuu ni homoni inayotengenezwa na tezi ndogo iliyo shingoni mwa mamake.

Homoni hiyo huitwa thairoksini. Ikipungua katika majuma ya mwanzo ya mimba au ya maisha, mtoto anaweza kuonekana mzima kwa kila hali, halafu miaka minane baadaye mwalimu akabaki kushangaa ni kwa nini somo la jana halimkai kichwani.

Kinga ya tatizo hili si ghali. Ni chumvi iliyotiwa iodini, kipimo kidogo cha damu, na tembe moja ya kumezwa kila siku kwa wanaoihitaji. Shida ni kwamba kila mojawapo ya hayo lina wakati wake, na wakati huo ukipita haurudi.

Tezi ya shingoni

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi mbalimbali za mwili na kusafirishwa kwa damu hadi kwenye viungo vingine, ambako huzipa seli amri ya kutenda jambo fulani. Insulini, kwa mfano, hutoka kwenye kongosho na kuziamuru seli zipokee sukari iliyo katika damu.

Thairoksini hutoka kwenye tezi ya thairoidi, ambayo imelala mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na ambayo umbo lake hufananishwa na kipepeo aliyekunjua mbawa. Kwa mtu mzima, homoni hii huamua kasi ambayo mwili hutumia nguvu zake. Anayepungukiwa nayo huhisi baridi na uchovu, hunenepa bila sababu ya wazi, na mara nyingi husahausahau. Akipewa tembe za kuziba pengo hilo, aghalabu dalili hizo hupungua au kutoweka kabisa.

Mwanakemia wa Marekani, Edward Kendall, ndiye aliyefaulu kuitenga homoni hii kwa mara ya kwanza, siku ya Krismasi mwaka wa 1914, katika kliniki ya Mayo mjini Rochester, jimbo la Minnesota. Baadaye ilibainika kuwa kila molekuli ya thairoksini hubeba atomu nne za iodini, ambayo wengi huiita madini joto. Mwili wa binadamu hauna uwezo wa kujitengenezea iodini. Sharti ipatikane kwa chakula, na isipopatikana, hakuna thairoksini.

Amri zinazojenga ubongo

Kwa mtoto aliye tumboni, kazi ya homoni hii ni nzito kuliko kusukuma kasi ya mwili. Ikishafika katika ubongo, thairoksini hupunguziwa atomu moja ya iodini na kugeuka kuwa homoni yenye nguvu zaidi. Hii ndiyo inayoingia hadi kwenye kiini cha seli, ambako huwasha baadhi ya jeni na kuzima nyingine.

Jeni hizo ndizo zinazoongoza ujenzi. Seli changa za neva huzaliwa katikati ya ubongo, kisha hulazimika kusafiri hadi mahali zitakapofanyia kazi maisha yote. Zikishafika, huchipuza matawi na kuunganika na maelfu ya seli nyingine. Hatimaye nyuzi zake huvishwa utando wa mafuta uitwao mayelini, mfano wa nyaya za umeme zinavyovishwa plastiki, ili ujumbe upite kwa kasi bila kupotea njiani.

Kila hatua hutegemea iliyotangulia. Homoni ikikosekana katika hatua fulani, ujenzi hausimami kuingoja. Huendelea, lakini baadhi ya seli hukaa pasipo pake, matawi huwa machache na utando huwa mwembamba. Kumwongezea mtoto homoni baada ya hatua hiyo kupita ni sawa na kuleta saruji baada ya nyumba kuezekwa.

Ghala la kumbukumbu

Miongoni mwa sehemu za ubongo zinazoathirika kwa urahisi ni hipokampasi. Ziko mbili, moja kila upande, ndani ya ubongo karibu na usawa wa masikio. Jina hilo lina asili ya Kigiriki, na linatokana na umbo lake lililopindika kama farasi wa bahari.

Umuhimu wake ulidhihirika kwa njia ya kuhuzunisha. Mnamo 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa kikali, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya ya matukio.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimchunguza kwa miaka mingi, na kila walipokutana ilibidi ajitambulishe upya. Hata hivyo, Molaison aliyakumbuka mengi ya utotoni mwake, na aliweza kujifunza kazi mpya za mikono ingawa hakukumbuka kwamba amewahi kuzifanya. Alipofariki mwaka wa 2008 akiwa na umri wa miaka 82, wanasayansi walikuwa wamejifunza kutoka kwake kwamba hipokampasi ndiyo lango ambalo matukio ya leo hupitia ili yawe kumbukumbu za kesho.

Mtoto aliyekosa thairoksini hafikii hali ya Molaison. Hipokampasi anayo, ila huenda imejengwa kwa upungufu.

Mama humbebea mtoto

Kijusi hakianzi maisha kikiwa na tezi inayofanya kazi. Tezi yake huanza kukusanya iodini mimba inapofikisha takriban majuma 10 hadi 12, na haitoi homoni ya kutosha hadi karibu nusu ya safari, yaani majuma 18 hadi 20. Kabla ya hapo, thairoksini yote inayofika katika ubongo wake hutoka kwa mama.

Kwa muda mrefu wanasayansi wengi waliamini kwamba homoni hii haivuki kondo la nyuma. Mtafiti Gabriella Morreale de Escobar na wenzake mjini Madrid, Uhispania, walisaidia kuivunja imani hiyo kwa majaribio ya panya. Kisha mnamo 1989 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Thomas Vulsma walichunguza damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa bila uwezo wowote wa kutengeneza thairoksini. Walipata homoni ndani yake, na haikuwa na mahali pengine pa kutoka ila kwa mama.

Ugunduzi huo ulieleza jambo lililokuwa limewatatiza madaktari. Mtoto mwenye tezi mbovu, au asiyekuwa na tezi kabisa, aghalabu huzaliwa bila dalili. Hulia na kunyonya kama wengine, na uzito wake huwa wa kawaida, kwa kuwa hadi dakika ile amekuwa akiishi kwa homoni ya mama. Kitovu kinapokatwa, akiba hukatika pia.

Tone la damu kisiginoni

Kati ya watoto 2,000 na 4,000 wanaozaliwa, takriban mmoja huwa na kasoro hii. Dalili zake hujitokeza polepole: mtoto hulala kupita kiasi, hunyonya kwa uvivu, hupata choo kwa shida, ngozi hukauka, ulimi huwa mkubwa na sauti ya kilio hukwaruza. Mama akija kuambiwa kuwa mtoto wake si mtulivu bali ni mgonjwa, huenda miezi mitatu au minne imeshapita.

Uzito wa miezi hiyo ulipimwa katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1972. Watoto walioanza kutibiwa kabla ya kutimiza miezi mitatu walipata wastani wa alama 89 katika kipimo cha akili, ambapo wastani wa watu wote ni 100. Walioanzishiwa matibabu kati ya miezi mitatu na sita walipata takriban 70. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo walipata 54. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni tarehe ya kuianza.

Miaka miwili baadaye, daktari Jean Dussault wa jimbo la Quebec, Kanada, alionyesha kwamba tatizo hili linaweza kugunduliwa kwa tone la damu linalotolewa kisiginoni mwa mtoto mchanga na kukaushwa kwenye karatasi maalumu. Mpango huo ulienea katika mataifa mengi yaliyoendelea. Kule, watoto wanaopatikana na kasoro huanzishiwa tembe za thairoksini katika majuma mawili ya kwanza ya maisha, na walio wengi hukua, kusoma na kuajiriwa kama wenzao.

Hata hivyo, hata kwa hao kovu dogo linaweza kubaki. Mtafiti Joanne Rovet na wenzake katika hospitali ya watoto mjini Toronto wamewafuatilia watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi. Mnamo 2011 waliripoti kwamba, kwa wastani, hipokampasi zao zilikuwa ndogo kuliko za wenzao na kwamba walikuwa na udhaifu katika baadhi ya vipimo vya kumbukumbu. Katika utafiti mwingine wa mwaka wa 2013, walipoombwa wasimulie matukio ya maisha yao wenyewe, walitoa maelezo machache zaidi kuhusu yaliyotukia na yale waliyoyaona, ilhali maarifa yao ya jumla hayakupungua.

Mtoto wa aina hii hawezi kuitwa mjinga. Anaweza kueleza kitabu kinahusu nini, na bado akashindwa kukumbuka alikiweka wapi. Mwalimu au mzazi asiyelifahamu hilo huenda akamchapa au kumkemea kwa uzembe asiokuwa nao.

Kisiwa cha Idjwi na milima ya Papua

Upande wa pili wa tatizo humhusu mama mwenyewe. Asipopata iodini ya kutosha, tezi yake hufura katika juhudi za kunasa kila chembe inayopita, na uvimbe huo ndio unaoitwa rovu. Mahali ambapo upungufu umekithiri, baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa viziwi, hawasemi, miguu imekakamaa na akili imedumaa.

Thibitisho la wazi zaidi lilitoka katika bonde la Jimi, kwenye milima ya Papua New Guinea. Kuanzia mwaka wa 1966, watafiti waliwadunga baadhi ya wakazi sindano ya mafuta yenye iodini na wengine sindano ya maji ya chumvi pekee. Matokeo yaliyochapishwa 1971 yalionyesha kwamba iodini iliwakinga watoto dhidi ya ulemavu huo, mradi mama awe ameipata kabla ya kushika mimba. Waliodungwa mimba ikiwa imeshaingia hawakupata kinga hiyo kwa ukamilifu.

Karibu na Afrika Mashariki, kisiwa cha Idjwi kilicho katika Ziwa Kivu, nchini Kongo, kilichunguzwa na madaktari wa Ubelgiji katika miaka ya 1960. Kisiwa kizima kilikuwa na uhaba wa iodini, lakini rovu lilienea zaidi sana upande wa kaskazini. Uchunguzi uliwafikisha kwenye mihogo. Mihogo yenye sumu ya sianidi, isipotayarishwa ipasavyo, huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kunasa hata ile iodini kidogo iliyopo. Kuroweka, kukausha na kuchemsha vyema huipunguza sumu hiyo.

Upungufu usioonekana

Visa vikali kama hivyo vimepungua duniani tangu mataifa yaanze kutia iodini katika chumvi, mpango uliotangulia Uswisi mwaka wa 1922 na kufuatwa na jimbo la Michigan, Marekani, mwaka wa 1924. Kinachowashughulisha wataalamu zaidi siku hizi ni upungufu mdogo, ule ambao hauvimbishi shingo wala kumlaza mama kitandani.

Katika jimbo la Maine, Marekani, daktari James Haddow na wenzake walizipima upya damu za wanawake zaidi ya 25,000 zilizokuwa zimehifadhiwa tangu walipokuwa waja wazito. Walipata 62 ambao tezi zao zilikuwa dhaifu, na 48 kati yao hawakuwa wametibiwa wakati wa mimba. Watoto wa hao 48, walipopimwa wakiwa na umri wa miaka saba hadi tisa, walikuwa nyuma ya wenzao kwa wastani wa alama saba. Asilimia 19 walipata alama 85 au chini yake, ikilinganishwa na asilimia 5 ya watoto wengine. Matokeo hayo yalichapishwa 1999.

Mnamo 2013, watafiti wa Uingereza walitoa matokeo kama hayo kuhusu iodini yenyewe. Walifuatilia familia takriban 1,000 za eneo la Bristol, wakapata kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na iodini kidogo mwanzoni mwa mimba walielekea zaidi kuwa miongoni mwa wa mwisho katika vipimo vya lugha na usomaji walipofika umri wa miaka minane na tisa.

Lakini haifai kurukia hitimisho kwamba kila mja mzito ameze tembe za thairoksini. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Italia uliochapishwa 2012, na mwingine wa Marekani wa 2017, ulijaribu kuwatibu waja wazito wenye upungufu mdogo, na watoto wao hawakuonyesha tofauti ya akili. Wapo wanaosema matibabu hayo yalianza kwa kuchelewa, kwani katika tafiti zote mbili majuma 12 ya kwanza yalikuwa yamepita kwa walio wengi. Wengine wanasema upungufu wenyewe ulikuwa mdogo mno. Mjadala huo haujafungwa, ila hakuna anayebisha kwamba upungufu mkubwa hudhuru na kwamba iodini inahitajika kabla ya mimba kuingia.

Chumvi ya jikoni

Maeneo ya milimani ndiyo yanayoathirika zaidi, kwa sababu mvua za karne nyingi zimeiosha iodini kutoka kwenye udongo na kuipeleka baharini. Mboga, nafaka na hata maziwa yanayotoka kwenye udongo wa aina hiyo huwa na iodini haba. Wakazi wa pwani hupata afueni kutokana na samaki.

Sheria za Kenya zinaagiza kwamba chumvi ya kuliwa na binadamu itiwe iodini, na jambo hili limekuwapo kwa miongo kadhaa. Sehemu kubwa ya chumvi ya humu nchini huvunwa kutoka kwenye mabwawa ya maji ya bahari katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Wengi hudhani kwamba chumvi ya bahari huwa na iodini ya kutosha kwa asili yake. Sivyo. Iliyomo ni kidogo mno, na ndiyo maana kiwandani hutiwa kemikali yenye iodini kabla ya kupakiwa.

Iodini hiyo hupotea kwa unyevu, joto na jua. Chumvi inayouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye gunia lililo wazi, au inayowekwa kando ya moto bila kifuniko, inaweza kufika kwenye sahani ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya faida yake. Inafaa kununua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini, kuihifadhi mahali pakavu ndani ya chombo kinachofungika, na kuitia chakula kinapokaribia kuiva.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 za iodini kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mja mzito au mama anayenyonyesha. Hili halina maana kwamba mama aongeze chumvi. Shirika hilo hilo linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, kwa kuhofia shinikizo la damu. Chumvi kidogo yenye iodini, pamoja na samaki, mayai na maziwa, husaidia kukidhi haja hiyo. Iodini nyingi kupita kiasi pia hudhuru tezi, kwa hivyo vidonge vya kujinunulia bila ushauri wa daktari havifai.

Kinachokosekana humu nchini ni lile tone la damu la kisiginoni. Katika mataifa mengi ya Afrika, Kenya ikiwemo, kipimo hicho bado hakifanyiwi kila mtoto anayezaliwa. Hupatikana katika baadhi ya hospitali kwa wazazi wanaokijua, wanaokiomba na walio na uwezo wa kukilipia. Mtoto aliyezaliwa bila tezi katika zahanati ya mashambani humtegemea muuguzi au nyanya atakayeshuku usingizi wake mzito.

Mwanamke aliyewahi kuugua tezi ya shingo, au ambaye jamaa zake wa karibu wameugua, anapaswa kumweleza daktari anapopanga kushika mimba, asingoje kliniki ya mwezi wa tano. Anayetumia tembe za thairoksini asiziache akishika mimba, kwani wakati huo mahitaji yake huongezeka na huenda daktari akalazimika kumwongezea kipimo. Na mtoto mchanga asiyelia, anayelala kutwa na kunyonya kwa kusukumwa, apelekwe hospitalini juma lilo hilo, hata kama majirani wanamsifu kwa utulivu wake.